Pawabenki ya sola ya 90,000mAh ya kupandia mlima: mzani umeshasema

Wadau wa milima naomba mnisikilize kabla hamjashuka Kariakoo. Ile pawabenki ya sola iliyoandikwa 90,000mAh (mAh ni kipimo cha chaji inayokaa kwenye betri), nyeusi ina rangi ya chungwa pembeni, ina tochi, dira, filimbi na kiberiti cha umeme, boksi lake lina picha ya mzungu kasimama kwenye theluji, msinunue. Naweka hukumu hapa juu ili mwenye haraka asome aishie hapa: nyota moja kati ya tano, na hiyo moja ni ya tochi kwa sababu tochi kweli inawaka vizuri. Wengine tukae tuongee, maana nimeishika, nimeipima, nimeipeleka kwa fundi ikafunguliwa mbele yangu, na kuna watu wanaweka hela pembeni miezi kibao kwa ajili ya Kilimanjaro, hawa ndio wanaolengwa na hiki kitu.

Aliyeinunua ni mdogo wetu mmoja kwenye kikundi, mwanafunzi wa chuo, katoa elfu 45 taslimu. Duka silitaji maana siyo duka moja, ukizunguka Kariakoo pande za vifaa vya simu utaikuta imepangwa mbele kabisa. Muuzaji kamwambia "dada hii unapanda nayo Kilimanjaro unashuka nayo bado ina chaji, simu yako utaichaji mpaka uchoke." Akaenda nayo Uluguru, wakapanda Lupanga, ule mlima ulio juu ya mji wa Morogoro, zaidi ya mita 2,100, njia ina utelezi na mizizi na ukungu unashuka saa yoyote unayotaka wewe na usiyotaka. Usiku pawabenki ikajaza simu yake, ikaanza ya rafiki yake, ikafika kama asilimia 15 taa zote nne zikazima. Aliporudi Dar akaniuliza dada hii itakuwa mbovu, nikairudishe? Haikuwa mbovu. Ilikuwa nzima kabisa na imefanya kila ilichoweza.

Sasa hapa ndipo nataka mnifuate taratibu. Betri ya lithiamu haina uchawi, ukitaka ibebe umeme mwingi lazima iwe nzito. Chukua zile betri za duara mafundi wanaziita 18650, zile za kwenye laptop za zamani na tochi kubwa. Moja nzuri kabisa, original, inabeba kama 3,500mAh na uzito wake unakaa kwenye gramu 45 mpaka 50. Ukitaka 90,000 unahitaji betri 26, na betri 26 ni kilo moja na robo kasoro kidogo, hapo hujaweka plastiki, hujaweka saketi, hujaweka kioo cha sola. Tukaipeleka hiyo pawabenki soko la Mwananyamala, kuna mama anauza dagaa ana mzani wa dijitali, tukamwomba atuwekee. Gramu 310. Yule mama akauliza "mnapima nini wanangu, simu?" Gramu 310 yote, na dira yake, na filimbi yake. Kwa uzito huo hakuna duka duniani linaloweza kukuuzia 90,000, awe anauza elfu 45 au milioni. Kwa hiyo huhitaji mtaalamu wala kuichaji nyumbani ndio ujue, ukiwa palepale dukani ishike mkononi, kama imeandikwa namba kubwa na ni nyepesi kama chapati basi umeshapata jibu, rudisha mezani.

Fundi naye akafanya kazi yake. Kwanza akachomeka kile kimita cha USB kinachohesabu umeme unaotoka, tukaisubiri imwage yote, ikatoa 4,900mAh na kidogo kwenye volti 5 ikakata. Halafu akafungua kwa kadi ya plastiki, akazungushia pembeni ikaachia tak. Ndani kulikuwa na betri mbili bapa za rangi ya fedha, kila moja imeandikwa 4000, kwa hiyo jumla 8,000, haifiki hata sehemu ya kumi ya iliyoandikwa nje. Na katikati ya hizo betri kuna kipande cha chuma kimezungushiwa gundi ya njano. Nikamuuliza fundi hiki cha nini, akanigeuzia nikitazame vizuri, hakina waya, hakijaunganishwa na kitu chochote. "Hiki dada ni cha mkono wako," akasema, "usione nyepesi." Yaani mtu amekaa kiwandani akafikiria kwamba mteja atashtuka ikiwa nyepesi, akaweka chuma. Na bado hata na chuma chake haikufika popote karibu na uzito wa kweli. Mimi hapo ndipo niliumia zaidi kuliko kwenye zile namba, maana namba unaweza kusema ni mambo ya matangazo, lakini kile chuma kimewekwa kwa makusudi kumdanganya mtu akiwa amekishika.

Na kile chuma kina madhara mengine ambayo nadhani aliyekiweka hata hakuyawaza. Ile dira pembeni. Tulikwenda nayo Coco Beach kabla fundi hajaifungua, pale huwezi kupotea maana jua linatokea baharini, mashariki inajulikana kwa macho. Tukailaza juu ya mchanga, sindano ikaonyesha upande fulani, sawa. Tukaigeuza pawabenki nusu duara taratibu, na sindano nayo ikageuka nayo. Ukiizungusha inazunguka, kaskazini yake ni popote ulipoielekeza. Tulipofungua kwa fundi tukaelewa kwa nini, sindano ya sumaku imekaa sentimita chache kutoka kwenye chuma, itafuata chuma. Baharini pale ni mchezo tu, lakini mfikirieni mtu yuko Uluguru ukungu umefunga, au yuko Shira kule Kilimanjaro amejitenga na wenzake, simu imezima kwa sababu pawabenki imekata, anatoa dira ileile ya pawabenki ileile. Kitu kimoja kimemnyima ramani na kikampa kaskazini ya uongo ndani ya saa moja.

Sola je. Kioo chake kina sentimita 7 kwa 14, ni kidogo kuliko simu. Jua la saa sita Dar, anga ikiwa safi, linaleta kama wati 1,000 kwenye mita moja ya mraba, kile kioo kinapata kama wati 10 za mwanga na sola nzuri inageuza humo kama asilimia 20 kuwa umeme, kwa hiyo wati 2, na hizo ni hesabu za kuipendelea. Kama ingekuwa kweli ni 90,000mAh ungekuwa unazungumzia wati-saa 333 (wati moja ikifanya kazi saa moja ni wati-saa moja), ungeianika kwenye jua kali mwezi mzima na zaidi ndio ijae. Hata hii 8,000 ya kweli unahitaji siku tatu za jua la nguvu, na mlimani hujakaa juani, unatembea chini ya miti au kwenye mawingu na kioo kimeangalia mgongo wa mwenzako. Kibaya zaidi wanakwambia iache juani ijichaji, wakati betri ya lithiamu inachukia joto, ukiichaji ikiwa imeshapita digrii 45 unaiua taratibu na inaweza kuvimba. Plastiki nyeusi, jua la Dar saa saba mchana, iguse uone.

Kiberiti cha umeme sitaongea sana. Ni koili inayowaka nyekundu ukibonyeza kitufe, na kitufe hakina kifuniko wala loki, kwa hiyo kwenye begi lililojaa nguo kinaweza kubonyezwa na chupa ya maji. Pembeni ya koili kuna betri ya lithiamu. Mimi nisingeingia nayo ndani ya hema. Na IP68 iliyoandikwa kwenye boksi maana yake vumbi haliingii kabisa na inavumilia kuzama kwenye maji zaidi ya mita moja, wakati matundu ya USB yamefunikwa na kampira ambako ukikavuta kanabaki mkononi.

Kwa wale wanaopanda ndege kwenda KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kuna hili la kujua pia. Pawabenki hairuhusiwi kwenye mzigo wa chini, unaibeba mkononi, na mwisho bila kuomba ruhusa ni wati-saa 100, ambayo ni kama 27,000mAh. Kati ya 100 na 160 shirika la ndege likubali kwanza. Zaidi ya hapo hupandi nayo. Watu wa ukaguzi hawana muda wa kufungua wakute zile betri mbili, wanasoma kilichoandikwa, na kilichoandikwa ni 90,000. Utaachishwa uwanjani kitu ambacho hata hicho kiwango hakina.

Halafu Kilimanjaro yenyewe. Tangu 2022 intaneti ya TTCL, shirika la simu, ipo kambi ya Horombo, mita 3,720, kwa hiyo watu wanatumia simu huko juu kuliko zamani, na wengi wanataka kurusha picha. Usiku wa kwenda kileleni unaondoka kama saa sita usiku, baridi inashuka chini ya sifuri kwa digrii kumi na zaidi, na betri ikipoa hivyo uwezo wake unapungua sana, simu iliyokuwa na asilimia 60 inazima ghafla. Kwa hiyo pawabenki ya mlima huu inabidi iwe na akiba ya kweli. Usiku lala nayo ndani ya mfuko wa kulalia pamoja na simu, ukianza kutembea weka mfuko wa ndani wa jaketi karibu na mwili, na usiichaji ikiwa imeganda maana lithiamu ikichajiwa chini ya sifuri inaharibika ndani moja kwa moja. Hiyo ni bure na inasaidia kuliko sola yoyote ya kuning'iniza begini.

Mtu mwenye elfu 45 afanye nini? Tafuta 10,000mAh ya kampuni inayojulikana, Oraimo, Xiaomi, Anker, ukiongeza kidogo unapata 20,000. Ya 20,000 ya kweli inakaa kwenye gramu 350 hivi au zaidi kidogo, na nyuma kwa maandishi madogo wameandika wati-saa 74 hivi na kiwango halisi kinachotoka, huwa ni kama 12,000 au 13,000, na hilo siyo wizi, ni kwa sababu ndani ni volti 3.7 na inatoka kwa volti 5 na njiani kuna kinachopotea. Hiyo inajaza simu ya 5,000 mara mbili na nusu, ukizima data na ukilala nayo vizuri inakutoa Marangu mpaka Uhuru na kurudi. Tochi nunua ya kichwani peke yake, dira peke yake, kiberiti cha dukani kifunge kwenye mfuko wa plastiki. Viatu mtajiju, Karume vipo.

Dukani tulirudi na dogo. Kijana wa pale hakuwa mkali, alisema "dada sisi tunauza kama lilivyokuja, kampuni ndio imeandika." Risiti hakutoa siku ya kwanza na hiyo ikawa sababu ya kukataa kubadilisha. Kwa hiyo dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kabla hujatoa hela, hata ya elfu 20, halafu mwambie akuandikie nyuma kiwango alichokuahidi kwa mdomo. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mteja kuhusu bidhaa, na FCC, yaani Tume ya Ushindani, wanapokea malalamiko, TBS wa viwango pia. Sisi tumeandika barua kwa FCC, tumeambatanisha picha ya kile chuma na picha ya mzani wa mama wa dagaa, ukiwa nayo na wewe andika, wakipata nyingi za boksi hilohilo watajua pa kwenda.

Na kama unayo nyumbani, itumie kama tochi, usiiache kwenye gari mchana, na ukiona imeanza kutuna pembeni usiichomeke tena, usiitoboe, iweke nje mbali na vitu vinavyoshika moto kisha mpelekee fundi wa betri.