Ripita au waya mpaka chumba cha nyuma?
Chumba cha nyuma Wi-Fi inakufa, katikati kuna ukuta wa zege, unafanyaje? Ripita, kile kifaa kinachopokea Wi-Fi na kuirusha tena mbele, ni rahisi, unachomeka tu kwenye soketi, ila watu wengi wanaiweka humohumo chumbani ambako netiweki haifiki, sasa itarudia nini jamani, iweke katikati ya njia, na ujue zile za bendi moja (masafa mamoja tu ya redio) zinakata spidi karibu nusu maana zinapokea na kutuma kwa redio hiyohiyo. Waya wa Cat6, yaani waya wa mtandao, hadi rauta ya pili lazima utoboe ukuta, lakini spidi haipungui mradi usizidi mita 100. Kama ni WhatsApp tu, ripita inatosha. Mimi nina mikutano ya Zoom kila siku, nikatoboa. Kwenye rauta ya pili zima DHCP, ile kazi ya kugawia vifaa anwani za mtandao, iachie rauta kuu; nilisahau hiyo nikahangaika jioni nzima.