TAHADHARI: Waya "wa kopa" unaozungushwa Kirumba na Igoma si kopa (shaba)

Ndugu zangu mafundi umeme, na nyie mnaojenga hapa Mwanza, kuna jamaa anazunguka na pikipiki akiuza rola za waya wa milimita za mraba 2.5 kwa bei ya kutupa. Anasema ni mzigo uliobaki kwenye mradi. Mimi nimeshapigwa.

Nilinunua rola mbili, moja nikaifunga kwa mama mmoja anayegandisha sangara Kirumba. Wiki ya tatu akanipigia: "Mwanangu, njoo, ukuta unanuka plastiki." Nilipofungua soketi ya friza nikakuta ganda la waya limeyeyuka, jeusi kama lami, na skrubu imelegea hadi inazungushwa kwa kidole. Watoto wanalala chumba kinachofuata. Nilikaa chini kwanza.

Nikakata kipande, nikakwangua kwa kisu. Juu rangi ya shaba, ndani cheupe kama sufuria. Ni alumini iliyovikwa kopa.

Huyu jamaa atatoa sumaku aigusishe kwenye waya mbele yako, nayo haitanasa. Hapo ndipo wengi wanapolegea. Sumaku inanasa chuma. Kopa haiinasi, alumini nayo haiinasi. Kipimo hicho hakikwambii kitu.

Pima uzito. Sentimita moja ya ujazo ya kopa ni gramu 8.96, ya alumini ni 2.7 tu. Rola ya mita 100 ya 2.5 inatakiwa kuwa na kopa ya kilo 2 na gramu 240 hivi, plastiki hujahesabu. Ile iliyobaki niliiweka kwenye mizani ya wauza dagaa: kilo moja na nusu, pamoja na plastiki yake. Ukiwa na jiko la gesi, menya kawaya kamoja ukaweke kwenye moto kwa koleo. Kopa inaiva nyekundu na kubaki, maana huyeyuka kwenye nyuzi joto 1,085. Alumini ni 660. Kale kangu kalijikunja kakakatika.

Alumini yenyewe sio mbaya, nyaya za kwenye nguzo ni za alumini, lakini ni nene na zina viungio vyake. Inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya kopa ya unene uleule. Halafu inatanuka zaidi: mita moja ikipanda nyuzi joto 50 inarefuka milimita 1.15, kopa 0.85. Friza ikiwaka, alumini inavimba chini ya skrubu, ikizima inasinyaa, kila siku hivyo, mpaka kiungo kinalegea. Tena alumini hujifunika utando usiopitisha umeme. Kiungo kikilegea, moto unaanzia hapo.

Waya wote nimeung'oa kwa yule mama, nikafunga mwingine kwa hela yangu, wa dukani wenye risiti. Mlionunua, zimeni meni swichi kwanza, kisha fungueni soketi za friza na pasi mwangalie.

Mara ya mwisho aliniambia anavuka Kamanga kwenda Sengerema. Mlioko huko, waambieni na wenzenu.