Nani Anafaa Kutawala? Tathmini ya Riwaya ya A Game of Thrones
Riwaya hii ya George R. R. Martin, iliyotoka mwaka 1996, nimeisoma usiku kadhaa barazani kwetu Wete, na kilichonishika zaidi ni suala la nani anafaa kutawala. Mfalme Robert, shujaa wa vita, hupenda kuwinda na kunywa kuliko kuhudhuria vikao vya washauri wake, hata dola ikawa inadaiwa sarafu za dhahabu milioni 6. Eddard Stark, mtawala wa Kaskazini na rafiki wa Robert, humhoji mtoro wa jeshi, kisha humkata kichwa kwa mkono wake mwenyewe. Ukurasa huo niliurudia mara tatu. Hata hivyo, uadilifu wake hauna hadhari: anamwonya mapema Malkia Cersei, mke wa Robert, kuwa atamfichulia mfalme siri yake, kwa kuwahurumia watoto wa malkia huyo, na huruma hiyo ndiyo inayomponza. Kasoro ninayoiona ni kuwa wakulima, wanaochomewa mashamba kwa ugomvi wa wakubwa, hawakupewa sauti ya kutosha.