Vätternrundan: kilomita 315 kwa baiskeli, na kile hasa unacholipia

Anayefikiria kulipia nafasi katika Vätternrundan ana haki ya kujiuliza, kabla hajatoa fedha, kwa nini alipe ili aendeshe baiskeli yake mwenyewe kwenye barabara ya umma ambayo siku nyingine yoyote anaweza kuipita bure. Swali hilo nilikaa nalo kwa miaka miwili tangu nilipohamia Uswidi kutoka Shinyanga, mkoa ambao mtoto hujifunza baiskeli akiwa amepitisha mguu chini ya mtalimbo kwa sababu kiti bado hakifikii. Baada ya kushiriki nimepata jibu, nalo limo katika vituo vya njiani, ndiyo maana tathmini hii itakaa zaidi vituoni kuliko barabarani.

Kwa wasioifahamu, hii ni safari ya baiskeli ya kulizunguka Ziwa Vättern, ziwa la pili kwa ukubwa nchini Uswidi, inayoanzia na kuishia katika mji mdogo wa Motala kila mwezi Juni. Ilianza mwaka 1966. Kwa miaka mingi ilijulikana kama safari ya kilomita 300, na sasa njia yake ni kilomita 315, umbali ambao kwa msomaji wa Tanzania ni sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro kisha kurudi karibu theluthi mbili ya njia, kwa siku moja na kwa nguvu za miguu. Si mashindano. Muda wa kila mtu hurekodiwa, lakini hakuna mshindi anayetangazwa, na wazee wenye mvi huondoka pamoja na vijana katika makundi yanayoruhusiwa kwa kupokezana, dakika chache baada ya dakika chache, usiku kucha. Waswidi wengi huiendesha kama sehemu ya mfululizo wao wa majaribio manne ya mwili, yaani kuteleza kwa skii kilomita 90 katika Vasaloppet, kuogelea kilomita 3 katika Vansbrosimningen, kukimbia kilomita 30 katika Lidingöloppet, na baiskeli hii.

Muda wangu wa kuondoka ulikuwa saa saba na nusu usiku. Katika nyuzi zile za kaskazini giza la Juni halikamiliki, kwani upande mmoja wa anga hubaki na weupe kama wa alfajiri, lakini barabarani taa inahitajika, na hapo ndipo nilipopata funzo ambalo sitaki mwenzangu alipate kwa njia niliyolipata mimi. Taa yangu, niliyoinunua wiki hiyo hiyo katika duka moja la vifaa vya michezo na kuambiwa kwamba betri yake inadumu usiku mzima, ilizimika tukiwa tumeipita Vadstena na ngome yake ya karne ya 16, kabla sijafika kituo cha kwanza pale Hästholmen. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu aliona, akasogea ubavuni bila kuulizwa, akaielekeza taa yake mbele ya gurudumu langu, nasi tukaenda hivyo hadi kituoni. Mjaribuni taa zenu nyumbani, saa nne mfululizo, kabla ya kuziamini.

Sasa vituo. Vimepangwa kando ya ziwa katika miji na vijiji vinavyofuatana, na kwa kuwa njia inashuka kusini kwanza kisha kupanda upande wa magharibi, ziwa hubaki mkono wako wa kulia, ukijua kwamba kituo kingine hakiko mbali. Ukiingia kituoni unaegesha baiskeli kwenye safu ndefu za vyuma au kuilaza kwenye nyasi, unajaza chupa maji, unakula, unakwenda chooni, na kama mwili au baiskeli vina hitilafu, kuna wahudumu wa afya na kuna fundi. Fundi niliyemkuta alinikazia breki ya nyuma kwa muda ambao mimi ningeutumia kutafuta spana tu. Wanaohudumu ni wenyeji, wengi wao wakiletwa na vyama vya michezo vya eneo husika, na hilo linaonekana katika namna wanavyokupokea, kwa sababu hawafanyi kazi ya kibarua mgeni, wanakaribisha mtu aliyeingia mjini kwao.

Kinachokumbukwa na kila mshiriki ni ile supu ya bluberi, tunda dogo la msituni. Ni kinywaji kizito cha rangi ya zambarau, kitamu na cha uvuguvugu, chenye unene wa uji wa mgonjwa, na hunywewa kwa bilauri ya karatasi. Saa kumi na moja alfajiri, upepo wa ziwa ukiwa umenipenya glovu na vidole vikikataa kubadili gia, nilipewa bilauri ya supu hiyo na bibi aliyevaa sweta juu ya sweta, naye hakuniachia mara moja, bali aliishika pamoja nami hadi alipohakikisha kwamba mikono yangu imeacha kutetemeka. Pamoja na supu kuna mikate midogo ya sukari na matango ya kuchumvishwa, na japo tango la chumvi alfajiri linaweza kumshangaza aliyezoea chai na chapati, baada ya saa kadhaa za kutoka jasho mwili hulipokea kwa shukrani ambayo ulimi haukuitarajia.

Jönköping, kwenye ncha ya kusini, iko karibu theluthi ya njia, na hapo mwaka wangu tulipata chakula cha moto, yaani kababu ndogo za nyama ya kusaga kwa viazi vya kuponda. Asiyekula nguruwe aulize kwanza, kwa kuwa kababu za Kiswidi kwa kawaida huchanganya ng'ombe na nguruwe. Mimi niliuliza, nikaelekezwa kwenye chakula kingine bila usumbufu wowote. Ushauri wangu ni kula nusu ya unachotamani, kwa sababu ukitoka mjini tu unakutana na mpando mrefu wa kuuacha ukingo wa ziwa, na tumbo lililojaa halipandi mlima.

Hjo, mji wa nyumba za mbao ulio baada ya nusu ya safari, ndipo wengi hukaa muda mrefu zaidi, na kwa maoni yangu ndipo safari inapoamuliwa. Nililala kwenye nyasi dakika ishirini, jua likiwa limepanda vizuri, nikiwa nimezungukwa na mamia ya watu waliovua viatu, na hakuna aliyemharakisha mwenzake. Kutoka hapo hadi Karlsborg na kuendelea kaskazini sina mengi ya kusema, kwani ni misitu, mashamba na lami nzuri, na akili yote iko kwenye magoti.

Kuhusu barabara yenyewe, msaada mkubwa hutoka kwa waendeshaji wenyewe. Ukikaa nyuma ya kundi la mwendo wako, upepo unampiga kifuani aliyetangulia badala yako, na unaokoa nguvu nyingi mno. Nidhamu yao ni ya kupigiwa mfano, kwani anayeona shimo hulionyesha kwa kidole, ishara inayopita mkono kwa mkono hadi wa mwisho, na anayepunguza mwendo huinua mkono. Anayetoka kwetu, ambako barabarani mwendesha baiskeli huhesabiwa kuwa wa mwisho, atahitaji muda kuzoea kuwa sehemu ya msafara unaoheshimiwa. Hata hivyo magari yapo sehemu nyingi za njia, kwa hiyo usichukulie kwamba barabara ni yako peke yako, na kofia ngumu ni lazima kwa kila mshiriki.

Daraja la Hammarsundet, upande wa kaskazini, lilinitoa machozi, nami sioni haya kulisema. Mpando wake si mkubwa, lakini unakuja zaidi ya kilomita 250 zikiwa zimo miguuni, na ukifika juu unayaona maji ya Vättern pande zote mbili, angavu kiasi cha kuonyesha mawe yaliyo chini karibu na ufuko. Kuanzia hapo kilichobaki hadi Motala ni kiasi ambacho mtu yeyote wa Shinyanga amewahi kukiendesha akiwa na gunia la mahindi nyuma. Nilifika saa kumi alasiri, nikavalishwa medali, nikapewa chakula, nikakaa chini ya mti.

Ada si ndogo, na kwa anayetoka mbali huongezeka nauli na malazi, kwa kuwa hoteli za Motala hujaa mapema. Bado nasema inastahili. Barabara ni ya bure, lakini mimi nisingeweza kuizunguka peke yangu kwa siku moja, na sidhani kama wengi wa walioizunguka nami wangeweza. Asiyekuwa na hakika aanze na Halvvättern, yenye kilomita 150, na wanawake wanayo Tjejvättern, safari yao wenyewe iliyo fupi zaidi, ambayo dada yangu anajiandaa nayo. Anayelenga 315 awe amekwisha kuendesha walau safari mbili za kilomita 150 mwaka huo huo, na awe amekaa juu ya kiti atakachokitumia, kwa sababu maumivu ya kiti hayatibiwi na kituo chochote.

Mimi nitarudi mwakani, na nitaomba kuondoka karibu saa tisa usiku, ili nifike Gränna, mji ulio kando ya ziwa kabla ya Jönköping, jua likikimulika kisiwa cha Visingsö, na supu ile niinywe nikiwa naiona rangi yake.