Nilimfuata Reagan, nikabaki na kocha

Reagan nilimjua kwa redio tu, rais wa Marekani wa miaka ya themanini. Kwamba kabla ya siasa alikuwa mwigizaji, nilisikia, ila sikuwahi kumwona kazini. Ndiyo maana wiki iliyopita nikaitafuta "Knute Rockne, All American", filamu ya Warner Bros. ya 1940, nyeusi na nyeupe, dakika 98.

Reagan mwenyewe yumo kidogo. Ni George Gipp, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Notre Dame aliyefariki Desemba 1920 akiwa na miaka 25. Anaingia, anaupiga mpira teke moja unapotelea mbali, kocha anaduwaa. Punde tu yuko kitandani anakata roho, akiomba siku moja timu ikielemewa iambiwe ishinde kwa ajili yake. Nilijiandaa kucheka. Sikucheka.

Ila filamu ni ya Pat O'Brien, anayeigiza Rockne, kocha wa Notre Dame, mhamiaji kutoka Norwei. Mwaka 1928 timu inabanwa na Jeshi, yaani chuo cha kijeshi cha West Point. Rockne, mgonjwa, anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu hadi chumba cha wachezaji, ndipo anaufikisha ule ujumbe. Nilitegemea afoke. Anaongea taratibu, kama anayesoma wosia. Mechi hiyo ilichezwa kweli, Notre Dame wakashinda 12-6. Kama Gipp aliyasema maneno yale, wanahistoria wana shaka.

Kilichonichosha ni sifa. Tangu utotoni hadi ndege inapoanguka Kansas mwaka 1931, Rockne hana kasoro. Mkewe, maskini, kazi yake kumsubiri. Ni kama wasifu wa marehemu unaposomwa msibani, pale ambapo hata mkorofi wa mtaa anageuka "mtu wa watu".

Na ukitaka kuujua mchezo wenyewe, hapa hutaambulia mengi. Sheria hazielezwi, mimi niliokota pasi ya mbele tu, yaani kumrushia mpira kwa mkono mwenzako aliye mbele, ambayo Rockne, bado mchezaji, na mwenzake Gus Dorais wanaifanyia mazoezi ufukweni, kisha 1913 wanawashangaza hao hao Jeshi, 35-13.

Kipande nilichorudisha nyuma mara mbili hakina hata mpira. Rockne anawatazama wacheza shoo jukwaani, mstari mzima unahama kwa hatua moja, naye anaacha kuburudika, anaanza kupiga hesabu za kuwahamisha wachezaji wake vile vile.