Rimu za aloi kwa gari dogo: mwongozo wa mnunuzi wa Uganda, kuanzia chaguo bora hadi lile la kuachwa sokoni

Magari madogo ya milango mitano kama Toyota Vitz, Honda Fit, Mazda Demio na Nissan Note, yale yanayoitwa hachibeki, ni mengi katika barabara za Uganda, na mengi kati yake yaliingia nchini yakiwa mitumba kutoka Japani, yakiwa na rimu za chuma za inchi 14 zilizofunikwa kwa vifuniko vya plastiki. Mwenye gari akishalizoea hutaka kulipendezesha, na rimu za aloi ndizo humjia akilini kwanza. Hamu hiyo ni halali kabisa. Hata hivyo, rimu hubeba uzito wote wa gari pamoja na watu waliomo, na ndiyo inayopokea kila shimo kabla ya shokapu kulihisi. Kwa sababu hiyo nimeyapanga machaguo yaliyopo kwa kipimo kimoja: rimu ikae pale pale alipokusudia mhandisi wa gari, na ibakize ubavu wa tairi wa kutosha kwa barabara zetu.

Vipimo vya kujua kabla ya kutoa fedha

Cha kwanza ni idadi ya matundu ya nati na kipenyo cha duara yanamopita. Vitz, Fit, Demio, March na Note za kawaida zina matundu manne katika duara la milimita 100, ambalo huandikwa 4-100 au 4x100 mgongoni mwa rimu. Rimu yenye matundu manne unaipima kwa rula, kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile linalolikabili. Ya matundu matano haipimiki hivyo, kwa kuwa hakuna tundu linalolikabili jingine. Pima umbali kati ya vitovu vya matundu mawili yanayofuatana, kisha uzidishe kwa 1.701. Wenye Volkswagen Golf wawe makini hapa, kwani Golf ya kizazi cha nne hutumia 5x100 na ya kizazi cha tano 5x112, na rimu ya 5x114.3 inafanana sana na hiyo ya pili machoni. Kati ya matundu mawili jirani tofauti yake haifiki hata milimita moja na nusu, lakini inatosha kuzipinda boliti kila zinapokazwa.

Cha pili ni tundu la katikati, linalokaa juu ya kitovu cha haba, yaani sehemu ya gari ambayo rimu hufungwa juu yake. Kwa Vitz na Demio kitovu hicho kina milimita 54.1, kwa Fit ni 56.1, na kwa March na Note ni 60.1. Maana yake ni kwamba rimu ya kiwandani ya Toyota yenye tundu la 54.1 haiwezi kuingia kwenye Fit, na anayekuambia itachongwa kidogo ikae anakuuzia rimu iliyoharibiwa. Rimu nyingi zisizo za kiwandani hutengenezwa na tundu kubwa, mara nyingi la milimita 73.1, ili ziuzwe kwa magari mengi, na pengo hilo huzibwa kwa pete maalumu. Dai pete hizo. Bila pete, rimu inaweza kuingia kwenye boliti zote nne, nati zikakazwa, na bado ikawa imekaa upande kwa kiasi kidogo ambacho jicho halioni. Utakihisi kwenye usukani ukifika mwendo wa kilomita 80 au 100 kwa saa, na utaishia kulipia balansi mara kwa mara bila nafuu.

Cha tatu ndicho kinachowaponza watu wengi, nacho ni upana wa rimu pamoja na ofseti, ile namba inayofuata herufi ET. Ofseti ni umbali, kwa milimita, kati ya uso wa rimu unaogusa haba na mstari wa katikati ya upana wake. Namba kubwa huivuta rimu ndani, na namba ndogo huisukuma nje. Chukua gari lililotoka kiwandani na rimu ya upana wa inchi 5.5 na ET 45, kisha ulivishe rimu ya inchi 7 yenye ET 35. Upana umeongezeka kwa milimita 38, yaani 19 kila upande. Ukijumlisha tofauti ya ET, ukingo wa nje umesogea nje kwa milimita 29, na ule wa ndani umeisogelea shokapu kwa milimita 9. Gari likiwa tupu mbele ya duka halitagusa popote. Wakae watu watano, na mkungu wa matoke uwekwe nyuma, ndipo utakaposikia tairi likikwangua ukingo wa madigadi kila tuta linapopitwa. Isitoshe, kadiri tairi linavyosogea nje ndivyo beringi inavyobebeshwa mzigo ambao haikuundiwa, na usukani hugeuka mzito. Kwa magari haya napendekeza upana wa inchi 5.5 hadi 6.5, na ET kati ya 38 na 45 kwa Toyota na Mazda; kwa Honda Fit, ambayo baadhi ya matoleo yake hutoka na ET kubwa zaidi, kaa karibu na 45 au 50.

Nati hazihitaji maneno mengi, ila zisipuuzwe. Toyota, Honda na Mazda hutumia uzi wa M12x1.5 (unene wa milimita 12, na milimita 1.5 kati ya mzunguko mmoja wa uzi na unaofuata), ilhali Nissan, Suzuki na Subaru hutumia M12x1.25. Rimu za kiwandani za Honda zina mkao wa nati, yaani sehemu nati inapokalia, wa mviringo kama nusu ya mpira, na rimu nyingi za madukani zina mkao wa umbo la koni. Ukichanganya, nati hugusa ukanda mwembamba tu wa rimu na hulegea safarini.

Mpangilio wangu

Nafasi ya kwanza naipa rimu ya aloi ya kiwandani ya inchi 15, iliyotoka kwenye toleo la juu la gari lile lile unaloendesha. Baadhi ya Vitz za RS na Fit zenye injini kubwa ziliuzwa Japani na rimu za namna hii, na hupatikana zikiwa mitumba miongoni mwa wauza vipuri wa Kisekka na Ndeeba. Faida yake ni kwamba kila kipimo nilichokitaja kimekwisha kutatuliwa: hakuna pete, hakuna hesabu ya ofseti, na aloi yake imepimwa kwa uzito wa gari hilo. Tairi la 185/55R15 (upana wa milimita 185, ubavu wa asilimia 55 ya upana huo, rimu ya inchi 15) lina kipenyo cha milimita 584.5, karibu sawa kabisa na milimita 583.1 za 175/65R14, kwa hiyo kipima mwendo hakidanganyi, na ubavu wa tairi unapungua kutoka milimita 114 hadi 102 tu.

Kwa kuwa rimu hizo ni kuukuu, zikague kwa subira. Mimi huanza nyuma, maana mbele hupakwa rangi. Igeuze rimu, ifute vumbi la breki kwa kitambaa chenye maji, kisha pitisha ukucha taratibu kuzunguka ukingo wote wa ndani, hasa mahali mikono ya rimu inapoungana na duara. Ukucha ukikwama kwenye mstari mwembamba kuliko unywele, huo ni ufa. Ukikuta sehemu yenye mawimbi madogo kama magamba ya samaki, au sehemu moja iliyosuguliwa iking'aa kuliko nyingine, hapo pamechomelewa. Kisha omba izungushwe kwenye mashine ya balansi bila tairi, na uutazame ukingo wake dhidi ya kidole kilichotulizwa karibu nao. Ukiona pengo linapanuka na kusinyaa, rimu imepinda. Muuzaji mwaminifu hatakasirika, na akikasirika, umekwisha kupata jibu lako.

Nafasi ya pili ni rimu mpya ya inchi 15 isiyo ya kiwandani, yenye vipimo vilivyochapwa wazi mgongoni na alama ya JWL, ambayo ni kiwango cha Japani cha rimu za aloi za magari ya abiria. Alama ya VIA ikiwepo pia, ni bora zaidi, kwa kuwa inaonyesha kwamba aina hiyo ya rimu imepimwa na chombo kingine nje ya kiwanda chenyewe. Rimu isiyo na maandishi yoyote nyuma iache, hata ikipendeza namna gani.

Ya tatu ni rimu ya chuma ya inchi 14, mpya au nzima. Haina urembo, lakini kwa mtu anayeishi kando ya barabara ya udongo, au anayepanda kila wiki milima ya Kabale au Kisoro, ningeipandisha hadi nafasi ya kwanza bila kusita. Chuma kikigonga shimo hupinda, na fundi hukinyoosha jioni ile ile, ilhali aloi huweza kupasuka.

Ya nne ni inchi 16 kwa tairi la 195/45. Kipenyo bado ni kizuri, milimita 582, ila ubavu umeshuka hadi milimita 88. Anayebaki kwenye lami ya Kampala na barabara kuu ya Entebbe anaweza kuishi nayo, mradi ahakikishe namba ya mzigo ya tairi haishuki. Tairi la 175/65R14 kwa kawaida huwa na namba 82, yaani kilo 475, ilhali baadhi ya matairi ya 195/45R16 yana namba 80, yaani kilo 450.

Ya mwisho ni inchi 17. Kwenye 205/40R17 ubavu ni milimita 82, tairi ni pana kuliko madigadi ya gari dogo yanavyopenda, na uzito ulioongezeka unaipunguzia injini ya cc 1000 au 1300 nguvu yake ndogo. Siipendekezi kwa hachibeki ya kawaida nchini Uganda.

Nje ya mpangilio kabisa naziweka rimu zilizochomelewa, zilizotobolewa upya ili ziingie gari lisilo lake, na zile zinazohitaji spesa nene (kipande kinachowekwa kati ya rimu na haba) ili zisiguse kalipa ya breki, yaani kibanio cha pedi zake. Hizo usizifunge kwenye gari linalobeba watoto wako.

Siku ya kufunga

Usikubali matairi yavalishwe kwenye rimu zote nne kabla ya kujaribu. Funga rimu tupu moja mbele, izungushe kwa mkono, na uhakikishe kuna nafasi ya angalau milimita 3 kati yake na kalipa. Ikipita, ivalishwe tairi, usukani ukatwe hadi mwisho kulia na kushoto, na uchungulie nafasi iliyopo kati ya tairi na shokapu. Kisha pakia watu na upite polepole juu ya tuta. Nati zikazwe kwa mtindo wa msalaba, gari likiwa limegusa ardhi kidogo, kwa spana ya kupimia nguvu: nyutoni mita 103 kwa Vitz na 108 kwa Fit. Baada ya kilomita 80 hadi 100 rudi uzikaze tena, kwani rimu ngeni hutulia kwenye haba na nati hulegea kidogo. Na ikiwa tairi la akiba limebaki kwenye rimu ya chuma, weka nati zake za zamani ndani ya mfuko pamoja na jeki, kwa sababu nati za rimu mpya huenda zisiikamate rimu hiyo sawasawa siku utakapopata pancha.