Mkanda wa krasha unachanika pale mawe yanapodondokea: ununue nini kwanza?

Mkanda wa konveya kwenye krasha la kokoto mara nyingi haufi kwa kulika taratibu. Unauliwa sehemu moja tu, chini ya chuti, yaani mfereji wa chuma unaoelekeza mawe kwenye mkanda, pale mawe yanapotoka kwenye taya za krasha na kudondoka. Kagua mkanda wowote uliotupwa pembeni kwenye machimbo ya Lugoba au Kunduchi. Mpira wa juu una makovu, na ukiubonyeza kwa kidole gumba unahisi kitambaa cha ndani kimeshakatika, japo juu panaonekana pazima. Kinachofuata ni jiwe lenye ncha kupenya na kunasa kwenye fremu, mkanda ukiendelea kukimbia. Unapasuka kwa urefu kama kitenge kinachochanwa dukani, na mita nyingi zinakwenda kabla mtu hajafika kwenye swichi.

Mpangilio ninaoutoa hapa ni wa mwenye krasha moja au mbili. Mgodi mkubwa wa dhahabu una wahandisi wake na bajeti yake.

Kabla ya kutoa hela, pata namba moja: uzito wa jiwe kubwa kabisa linalopita, kwa kilo, mara kimo linachodondoka, kwa mita. Huna mizani? Granaiti inayojaza ujazo wa lita 10 ina takriban kilo 27, kwa hiyo kadiria kwa ndoo. Kimo kipimwe kutoka jiwe linapoachia hadi juu ya mkanda, si hadi kwenye fremu. Chama cha watengenezaji wa konveya cha Marekani, CEMA, katika kiwango chake namba 575, kinatumia hesabu hiyohiyo kugawa vitanda vya kupokea mshtuko, yaani vifaa vinavyowekwa chini ya mkanda pale mawe yanapotua. Ukigeuza vipimo vyao kuwa kilo na mita, chini ya takriban 28 ni kazi nyepesi, hadi 138 ni ya kati, na hadi 277 ni nzito. Jiwe la kilo 20 likidondoka mita 2 linatoa 40, kazi ya kati. Likidondoka mita 1 linatoa 20, na umeshuka daraja zima bila kununua kifaa chochote.

Ndiyo maana nafasi ya kwanza naipa kazi ya welda. Mwambie achomelee rafu ya bamba nene ndani ya chuti, mawe yajikusanye juu yake. Jiwe linalokuja baadaye linagonga mawe wenzake, linapoteza nguvu, kisha linateleza kwenda chini. Karibu na mdomo wa chuti weka vyuma vilivyoachana vikiwa vimelala kwa mteremko, ili vumbi na kokoto ndogo zipenye na kutangulia kwenye mkanda, mawe makubwa yaangukie juu ya tabaka hilo. Mdomo wenyewe uelekee kule mkanda unakokwenda. Mzigo unaotua wima unausugua mkanda hadi upate mwendo wake. Tatizo la rafu ni masika: mawe yenye udongo wa mfinyanzi huganda na kuziba chuti, kwa hiyo acha mlango wa kusafishia.

Nafasi ya pili ni rola za raba za kubeba mkanda, zile zenye pete za mpira zilizopangwa juu ya bomba la chuma. Kwa machimbo mengi ya kokoto hizi zinatosha, na hapa usibane matumizi. Rola za kawaida hukaa umbali wa mita 1 au zaidi kidogo. Chini ya chuti zinatakiwa zikae sentimeta 30 hadi 45, la sivyo mkanda unabonyea kati ya rola na kokoto zinapenya chini ya mipira ya pembeni inayozuia mzigo usimwagike. Kokoto iliyonasa hapo inachora mkanda mchana kutwa.

Dukani, shika pete kwa mikono miwili na ujaribu kuizungusha juu ya bomba. Ikizunguka, rudisha. Zungusha rola yenyewe karibu na sikio, maana beringi nzuri haikwaruzi. Sili, kizuizi cha vumbi lisiingie kwenye beringi, ndiyo roho ya rola kwenye vumbi la mawe. Rola iliyokwama inalika upande mmoja hadi chuma kinabaki na ukingo mkali, na hapo inaukata mkanda badala ya kuulinda. Inaweza pia kupata joto la kuwasha moto.

Kitanda chenye pau nakiweka nafasi ya tatu. Si kwamba ni dhaifu, ila wengi wanakinunua wakati hawakihitaji. Pau ina mpira mzito chini na plastiki ngumu ya kuteleza juu, zinapangwa kufuata umbo la mkanda, hivyo hakuna pengo ambamo mkanda unaweza kubonyea. Namba yako ikibaki juu ya 28 hata baada ya kazi ya welda, kinunue. Pendelea chenye rola katikati na pau pembeni, kwa sababu pau tupu huongeza msuguano na mota itakudai umeme. Pembe ilingane na fremu zako, nyuzi 20, 35 au 45. Tofauti ndogo tu inafanya mkanda ukalie ukingo wa pau na kulika mstari mmoja.

Jaribio la pau ni bisibisi bapa: chomeka kwenye maungio ya mpira na plastiki, kisha jaribu kuvibandua. Zilizounganishwa kwa joto kiwandani haziachii, zilizobandikwa kwa gundi zinafunguka mbele ya muuzaji. Na kama unahudumia kiwanda cha saruji, usiweke plastiki hiyo chini ya klinka ya moto, yaani madonge yanayotoka kwenye tanuru kabla ya kusagwa kuwa saruji, kwani huyeyuka kwenye nyuzi joto 130 hivi.

Mkanda mnene ni wa mwisho, ingawa ndio unaosukumwa zaidi madukani. Konveya ya mita 50 inahitaji zaidi ya mita 100 za mkanda, na wewe unalipia unene huo wote kwa ajili ya mita 2 zinazopigwa. Ukibadilisha mkanda uliochoka, chukua wenye mpira wa juu milimita 6 ikiwa mawe yako ni makubwa, lakini usiung'oe mzima kwa sababu hiyo. Tairi kuukuu zilizosukumiwa chini ya mkanda sizihesabu kabisa. Zina nyaya za chuma ndani.

Ukienda kununua, beba upana wa mkanda, pembe ya fremu, kipenyo cha rola na unene wa shafti pale inapokaa kwenye fremu. Shafti ndiyo inayosahaulika, na rola isiyoingia kwenye mkato wa fremu itakurudisha mjini. Chukua rola mbili za akiba. Siku ya kufunga, zima swichi kuu na uitie kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwa yule anayeingia chini ya mkanda.